Mbio Nilizoshinda Nikiwa Chooni

Katika maisha yangu nimeshinda mbio mbili za magari, na zote mbili nilikuwa chooni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa dereva wa familia moja Dubai. Nilipeleka watoto shule, nilimpeleka madam sokoni, na niliosha magari kabla jua halijawa kali. Madam alizaliwa na watu waliotoka Unguja zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi mtoto wa Tanga. Mumewe nilimwita arbab, kama wafanyakazi wengi kule wanavyomwita bosi wao. Alikuwa Mwarabu wa palepale, mcheshi, mwenye tumbo la mtu anayependa wali, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mbio za magari.

Si yale magari membamba ya kwenye televisheni. Haya yalikuwa magari ya kawaida ya kutembelea, yaliyong'olewa viti na mazulia, yakafungwa mabomba ya chuma ndani ili gari likipinduka dereva asipondeke. Lake likapinduka kweli. Alivunjika mfupa wa bega, na madam akamwapisha mbele ya mama mkwe kwamba hatashindana tena.

Bega lilipopona, arbab aliniita gereji, akaniuliza kwa Kiarabu chepesi nilichokwisha kukizoea.

"Wewe una leseni?"

"Ninayo, arbab."

"Nataka uwe na nyingine."

Akanilipia mafunzo kwenye uwanja wa mbio ulioko nje ya mji, nikapata leseni ya mashindano. Nyumbani akatangaza kwamba amegundua kipaji: dereva wao ana mkono wa ajabu, na yeye sasa atakuwa mfadhili tu. Madam akafurahi. Mimi nilikuja kujua kipaji ni cha nani siku ya mbio za kwanza, arbab aliponivuta hadi choo cha mafundi, akavaa ovaroli yenye jina langu, akajitia helmeti na kushusha kioo chake cheusi.

"Kaa hapa. Usikohoe."

Nikakaa juu ya mfuniko, nikisikiliza magari yakipita ng'weee, ng'weee. Baadaye mlango ukagongwa. Arbab akaingia akitiririka jasho, tukabadilishana nguo, nikajaza taulo tumboni ili ovaroli isinipwaye, nikatoka nikipunga mkono. Mzungu mmoja akaniuliza ile kona ya mwisho nimeikataje. Nikamjibu kwa unyenyekevu, "Inshallah tu." Akaridhika kabisa.

Kikombe cha ushindi kikawekwa sebuleni, na kilichofuata nacho pia. Mwenzangu wa chumba kule mtaa wa International City, Mkenya mlinzi wa jengo la ofisi, alibandika picha yangu ya ushindi ukutani. "Buda, wewe ni mnoma," akasema. "Lakini hiyo kitambi huwa unaiacha wapi ukirudi?"

Mbio za tatu, madam akaja.

Hakutuambia. Asubuhi, kwenye mizunguko ya kupanga nafasi, arbab alikwishaendesha akiwa amevaa jina langu, akapata nafasi ya kuanza wa pili. Mchana, nikiwa tayari naelekea chooni, nikamwona madam anashuka kwenye gari la dada yake, na chupa ya kahawa mkononi.

"Nimekuja kumtazama bingwa wangu," akasema. Akamshika mumewe mkono. "Na wewe njoo ukae nami jukwaani, unieleze."

Arbab alibadilika rangi. Akanisogelea kama anayenitakia heri, akaninong'oneza, "Yalla, endesha. Pole pole. Ukiligonga gari langu, khalas, utarudi kwenu kwa miguu."

Taa zikawaka, zikazimika. Kabla sijapata gia ya kwanza, waliokuwa nyuma yangu walikuwa wameshakuwa mbele yangu. Kwenye kona ya kwanza mkono wangu ukapapasa usukani kutafuta indiketa, ambayo ilikuwa imeng'olewa zamani. Aliyekuwa nyuma akanipigia taa, nami nikampisha na kumpungia mkono kwa adabu. Jukwaani, nilikuja kuambiwa, dada yake madam aliuliza kama hiyo ni mbinu. Arbab akajibu kwamba ni mbinu ya hali ya juu sana.

Lakini katikati ya mbio kitu kikanitoka, nadhani ni woga. Nikaanza kuisikia kona kabla sijaifika. Mbele yangu kulikuwa na gari la kijani lililokuwa likiyumba kila likifunga breki. Nikalifuata, nikalibana, nikapita kwa ndani, nikapiga kelele humo kwenye helmeti kama kichaa. Nikamaliza wa pili kutoka mwisho. Nilishuka, na sijawahi kufurahi vile.

Madam alinisubiri, mumewe pembeni akitazama viatu vyake.

"Leo umeendesha wewe," akasema.

"Madam, mimi siku zote…"

"Nyamaza, mwanangu. Ile ovaroli inafuliwa nyumbani kwangu. Tangu lini dereva wangu anajifukiza udi?" Akamgeukia mumewe, bado kwa Kiswahili, ingawa arbab alikuwa akishika maneno machache tu. "N'shajua tangu kikombe cha kwanza. Nilitaka nione utakavyojinasua."

Arbab hakuhitaji mkalimani. Alimimina kahawa, akampa mkewe kikombe kwa mikono miwili.

Hukumu ilitolewa palepale: gari libaki, lakini mwenye kuendesha ni mimi kweli, na arbab atashika spana. Hivyo ndivyo nilivyopata misimu miwili yangu mwenyewe. Sikushinda hata mara moja. Mara moja nilishika nafasi ya tatu, kwa kuwa waliokuwa mbele yangu walisukumana wakaingia mchangani, na arbab akanirukia shingoni mpaka bega lake likamuuma tena. Kisha gari likauzwa, na mimi nikarudi kwenye shule na soko.

Siku moja nilikuwa nampeleka madam mtaa wa Al Ras kununua iliki na mdalasini. Tulikuwa wawili tu, nami naendesha kwa heshima zote. Mbele yetu gari moja jeupe lilikuwa likijikokota. Madam alilitazama kwa muda, akafunga mkanda vizuri, akasema:

"Hebu mpite huyo."

Nikampita.

"Na yule," akasema.