Nilisifu wali wa rafiki yangu Mpalestina, sasa anataka kuupika kwenye harusi ya binti yangu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana hapa Buffalo, Marekani, Warundi tunajuana mpaka rangi za magari. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, baba wa watoto wanne, mwenye kitambi ambacho mke wangu anakiita mtoto wa tano. Nimekulia kambini Tanzania, sasa naishi mtaa wa Black Rock na kupakia mizigo kwenye ghala. Majina yote humu nimebadilisha. Aibu tu ndiyo sijabadilisha.

Pale ghalani nilikuwa na rafiki Mpalestina, nimwite Abu Samir. Wao humwita mtu kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama sisi, basi naye akaniita Abu Neema, yaani Baba Neema, na urafiki ukaanzia hapo. Wakati wa mapumziko alinigawia chakula alichopika mwenyewe. Jamani, kilikuwa kibaya. Supu ya dengu kama maji ya kusuuzia vyombo. Lakini mama yangu alitufundisha kwamba mtu akikupa chakula unakula, unamaliza, unasema kitamu. Kule kambini, aliyekunja uso mbele ya chakula cha jirani alisemwa mpaka anatamani kuhama. Basi nikawa nasifu. Akiniuliza, "Kweli, Abu Neema?" namjibu, "Wallahi!" Mkristo mzima, mwanakwaya wa besi, naapa wallahi kwa ajili ya dengu.

Sikujua sifa zangu zinakwenda wapi. Siku moja akaniambia ameacha kazi na kukodi mgahawa mji jirani wa Lackawanna. "Ni wewe uliyenipa moyo," akasema, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka.

Nikaenda na mke wangu. Akatuletea chakula chao cha heshima, sufuria la wali, kuku na biringanya ambalo hupinduliwa juu ya sinia ili wali usimame kama keki. Wake haukusimama. Nusu ulimwagika kama uji, nusu ukabaki umeng'ang'ania sufuria, na kuku bado ana damu mfupani. Mama Neema akaisogeza sahani yake pembeni taratibu. Mimi na adabu zangu nikamaliza yangu, nikadhani nimeokoka. Kumbe kwao sahani tupu maana yake mgeni hajashiba! Akanijazia. Nikamaliza. Akajaza tena. Kwetu kumaliza ni kushukuru, kwao ni kuomba nyongeza, na tumbo langu ndilo lililoumia katikati.

Baadaye mdogo wangu akaja na familia yake kutoka Columbus. Nikawapeleka, nikijipa moyo kwamba labda mpishi amezoea jiko. Mdogo wangu akaonja, akaweka kijiko chini, akaninong'oneza kwa Kirundi, "Kaka, huyu mtu mlikosana nini?" Nikacheka. Nilipoinua kichwa nikamwona Abu Samir nyuma ya kaunta anatutazama kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani. Meza nyingine zote zilikuwa tupu. Nikamwonyesha dole gumba.

Sasa, Neema anaolewa mwezi ujao na kijana wa Kikongo wa Louisville. Nilipompelekea Abu Samir kadi ya mwaliko, machozi yakamlengalenga. Akasema chakula cha harusi nzima ni zawadi yake, siku hiyo atafunga mgahawa, atapika kwa mikono yake. Nikatafuta neno la kukataa, nikapata "asante sana, ndugu yangu."

Nyumbani hakuna aliyenihurumia. Mama Neema alisema, "Mdomo wako ndio uliomwajiri, basi nao ukamwachishe kazi." Neema akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nimwambie tu ukweli, ni jambo la dakika mbili. Watoto wa huku kila kitu kwao ni dakika mbili. Mama mkwe wake naye akapiga simu, na Kiswahili chao cha Kongo: "Bon, tunasikia mutatulisha chakula ya Waarabu. Donc tukuje na njaa, ao tukule kwanza njiani?" Alikuwa anatania. Mimi nilibakiza kidogo tu nimwambie wale njiani.

Jumamosi iliyopita nikajikaza, nikaenda kusema. Nilimkuta peke yake, amepika wali wa majaribio kwa ajili ya harusi. Kabla sijafungua mdomo akaniwekea sahani, akaketi mbele yangu, akasema, "Niambie kweli, Abu Neema. Watu wanakula mara moja, wanatabasamu, hawarudi. Wote wananidanganya kwa heshima. Wewe peke yako hunidanganyi. Kila nikitaka kufunga hapa, nakukumbuka wewe."

Nilikuwa na tonge mdomoni. Wali mbichi katikati, chumvi hakuna. Nikameza. Nikasema, "Mtamu." Akafurahi, akaniongezea.

Ndugu zangu, niliendesha gari kurudi Black Rock nikijiona mwizi. Miaka yote nilidhani nina adabu, kumbe ni woga tu. Nikimwambia sasa, ataniuliza kwa nini sikusema alipokuwa bado ana kazi yake ghalani. Nikinyamaza, ukumbi mzima utamwambia kwa niaba yangu. Warundi na Wakongo wataacha sahani zimejaa mbele ya macho yake, naye ataelewa siku hiyo hiyo kwamba mimi nilijua.

Nichekeni kwanza, nimestahili. Kisha mnisaidie, ninyi mliojaliwa ujasiri. Mtu anaanzia wapi kumwambia rafiki kwamba kila alipoomba ukweli alipewa uongo, na aliyempa ni yule aliyemwamini kuliko wote? Jumamosi hii ananisubiri tena nikaonje. Nipeni maneno ya kusema kabla hajaniwekea sahani.