Mahali pa Shija

Nakumbuka siku moja shangazi yangu aliniuliza, "Wewe umewasikia wakiimba huko?" Tulikuwa uani kwetu Kwihara, tunapukuchua mahindi. Nami, mwanangu, pamoja na chuo kikuu changu chote, nikainamia mahindi yangu.

Nilikuwa nimerudi likizo, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na nilihoji kila kitu. Nilimhoji katibu wa kijiji kwa nini nyumba zimepangwa mstari mmoja mbali na maji. Nilimhoji katekista. Hata chumvi ya shangazi niliihoji. Watu walicheka, wakanivumilia.

Kaka yangu Shija alikuwa kwenye kikundi cha ngoma. Ninyi wa hip hop mnadhani kutupiana vijembe kwa mashairi kumeanza kwenu! Huku kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili yalisimama uwanja mmoja na kuimba kwa wakati mmoja, kila moja likiwasema watu kwa majina, na watazamaji wakahamia upande unaowachekesha zaidi. Kundi lililobaki peke yake ndilo lililoshindwa.

Mtunzi na kiongozi wetu, manju, aliitwa Maganga, na sifa zote zilikuwa zake. Shija kazi yake ilikuwa kuitikia. Maganga akimaliza ubeti huita, "Shija, unasemaje?" na Shija hujibu mzaha aliouzua palepale. Hapo ndipo watu walipoanguka kwa kicheko.

Kikundi kilikuwa na mwiko wake. Mtu mliyemsema uwanjani, mnakwenda kwake kumwamkia kabla hamjasafiri kuimba kwingine. Msipokwenda, kijembe kinageuka tusi.

Mwaka ule walimsema Mzee Nasoro, mzee wa Kiarabu ambaye ukoo wake ulifanya biashara kwenye njia ile tangu enzi za misafara. Duka lake lilikuwa limefanywa duka la kijiji. Wakaimba kwamba sasa anapanga foleni ya sukari mbele ya rafu alizozipigilia misumari mwenyewe. Uwanja mzima ulihamia kwetu. Mzee Nasoro peke yake hakucheka.

Haikupita muda, wakaitwa Dar es Salaam kuurekodi wimbo huo kwa ajili ya redio. Asubuhi ya safari Maganga alisema, "Mzee tutamwamkia tukirudi."

"Tukirudi tutakuwa watu wakubwa, tutamsahau," Shija akasema. "Tangulieni stesheni, nitawakuta." Akapanda baiskeli.

Mzee Nasoro aliipokea shikamoo yake. "Marahaba. Mlinisema mko wengi, kuniamkia unakuja peke yako? Kaa, unywe kahawa."

Baada ya kahawa kikaja chakula. Kuinuka kabla ya kula kungekuwa kumtukana mara ya pili. Shija alipofika stesheni ya Tabora, treni ilikuwa imeondoka.

Akarudi nyumbani anatabasamu. Nikamwambia, "Umeachwa na treni kwa ajili ya kahawa?"

"Kwa ajili ya mzee. Nitapanda treni ijayo. Watanisubiri, hawawezi kuimba bila mimi."

"Kuitikia nako ni kazi? Dar es Salaam wamejaa watu wa kuitikia! Wameshampata mwingine, na jina lako wameshalisahau."

Alicheka, akidhani namtania. Kisha akaegemeza baiskeli ukutani.

"Kweli, msomi?"

"Kweli."

Treni iliyofuata hakuipanda. Ndipo shangazi, aliyekuwa ameyasikia maneno yangu, alipoweka gunzi chini na kuniuliza lile swali lake.

Wimbo ule haukupigwa redioni, wala hatukuambiwa kwa nini. Maganga alibaki Dar es Salaam na bendi ya jazi, kikundi kikafa. Shija alihamia Urambo kulima tumbaku. Ngoma ikilia alisimama pembeni na mikono nyuma, mdomo kaufunga. Wanawe walikua bila kujua kwamba baba yao aliwahi kuangusha uwanja mzima kwa kicheko.

Nilimtembelea mwishoni mwa maisha yake. "Ulisema kweli, msomi," akaniambia. "Walinisahau." Mwanangu, ningeweza kumwambia kwamba sikujua lolote siku ile, kwamba nilikuwa nasema tu. Nilimrekebishia mto, nikamwuliza kama anataka maji.

Basi hoji, sikukatazi. Ila neno la kwanza kulihoji liwe hilo unalotaka kulisema wewe. Mimi nilihoji ya watu wote, yangu nikayaacha yapite. Usilolijua, sema hulijui, haikupunguzii kitu. Na yule mwenzenu aliyekosa studio kwa sababu anamuuguza mama yake, msimwambie kwamba nafasi yake imejaa. Nendeni mkamjulie hali mama, kisha mrekodi.

Mungu awape sauti, awalinde na maneno ya haraka, na akuzeeshe ukiwa na mtu wa kukuitikia.

Na ile rekodi ya zamani uliyonisikilizisha kwenye simu wiki iliyopita, mnayotaka kuichanganya na wimbo wenu. Ulisema ni mbovu, kila baada ya ubeti waimbaji wanapotea, inabaki ngoma tupu. Si mbovu. Isikilize tena, palepale kabla ya ngoma kubaki peke yake. Maganga anaita, "Shija, unasemaje?" Halafu anasubiri.