Riwaya Iliyogawanywa kwa Haki

Juzi, katika duka la ushirika pale Kabuku, nilimkuta mama mmoja ameng'ang'ania koti la mzee.

"Nasikia mwisho unao wewe."

"Ninao, mama."

Kijiji chao cha ujamaa kilipata riwaya moja kuukuu, na wasomaji walikuwa sita. Ili asitangulie mtu, kamati iliichana vipande sita sawasawa, kila mmoja akachukua chake. Mama alipata cha tano, kinachokoma bibi harusi akiwa katikati ya mto, maji yamemfika shingoni.

"Niambie tu, mzee. Anaokoka?"

"Kipande changu kinaanza na mazishi. Nimelia mara mbili."

"Mazishi ya nani?"

"Wanasema 'marehemu' tu. Nilidhani jina liko kwako."

"Kwangu wote wazima. Basi niazime hicho chako nisome mwenyewe."

Mzee alifunika mfuko wa koti kwa kiganja. "Ukiwa na viwili, kamati itasema unajilimbikizia."

Mama alifikiri, kisha akaliachia koti. "Hilo nalo kweli, mzee."

Wakaagana kwa heshima. Haki ilitendeka mbele ya macho yangu, na bibi harusi tukamwacha majini.