Mazungumzo ya Mwewe na Grisi

"Bibi, mbona wewe na babu hamsemezani?"

Nilikuwa mdogo nilipouliza hivyo, wa kurudi kutoka shule soksi moja iko juu na nyingine imelala ndani ya kiatu. Kwetu watu wanaongea mpaka na sufuria. Kwa babu na bibi kulikuwa na sebule moja, viti viwili vinavyotazamana, na kimya kama cha chumba cha mtihani. Nilidhani wamegombana. Babu alikuwa kwenye kiti chake ng'ambo ya chumba, akapitisha kidole chini ya pua kama mtu anayewashwa. Bibi alimtupia jicho. Aliinuka, akanifuta kamasi kwa ncha ya kitambaa chake, akarudi kukaa. Swali likafia hapo.

Ilibidi nikue kidogo ndipo nijue hao watu walikuwa nani kabla ya kuwa babu na bibi.

Walikuwa watu wa kiwanda cha nguo. Bibi alisimamia mashine za kufuma, babu alikuwa fundi wa kuzirekebisha zinapogoma. Huko bibi aliitwa Mwewe, kwa sababu aliuona uzi uliokatika kutoka mwisho wa ukumbi kabla mashine yenyewe haijajua. Babu aliitwa Grisi, na hilo halihitaji maelezo. Bibi anasema hata siku ya harusi sabuni ilisalimu amri.

Mashine zile zilipiga kelele kiasi kwamba hata ukimpigia mwenzako ukelele sikioni, anachoona ni mdomo unafunguka tu. Kwa hiyo watu waliongea kwa mikono. Vidole viwili vikifanya mkasi: uzi umekatika. Mkono ukipapasa masharubu yasiyokuwepo: msimamizi anakuja, maana msimamizi wa enzi zile alikuwa na masharubu ya kufagilia uwanja. Walisimuliana ndoto, walisengenyana, walitaniana mpaka mtu anashika tumbo, na yote hayo bila sauti. Mwiko ulikuwa mmoja. Mtu akikusemesha kwa mikono, wewe ukamtazama usoni usimjibu, umemtukana tusi lisilo na dawa. Afadhali hata umpe mgongo. Na kwa kuwa aliyekupa mgongo huwezi kumwita, ulimgusa bega. Mguso mmoja: napita nyuma yako, usishtuke. Miguso miwili: nenda kapumzike, mashine zako ninazo mimi.

Babu alimposa bibi hivyo hivyo, mchana kweupe, katikati ya mashine mbili. Alijigusa kifua, akamwonyesha yeye, kisha akafunga fundo hewani, lile la kuunga uzi uliokatika. Bibi akamjibu asubiri, mashine yake imekwama. Haikuwa imekwama. Alikuwa anatafuta pa kuficha uso.

Bibi aliziba masikio yake kwa pamba, lakini fundi lazima aisikilize mashine; kelele zikamla babu masikio taratibu, kama panya na gunia: humsikii akitafuna, unakuja kuona nafaka iko chini. Alipostaafu alikuwa hasikii hata mlango ukigongwa. Mwanzoni aliendelea kusema kwa kinywa, lakini mtu asiyejisikia hana breki. Sauti ilipanda alipotaka kunong'ona, ikakatika alipotaka kuita. Siku moja dukani watoto walimwiga, na watu wazima wakacheka huku wameinamisha vichwa. Babu alirudi nyumbani na mkate wake, akaitua sauti kama mtu anavyotua mzigo, asiinyanyue tena. Bibi alimbembeleza, wapi. Kuanzia hapo alibaki na mikono, na mtu mmoja tu duniani wa kuisoma, maana wanawe, baba yangu akiwemo, waliyaona yale kuwa mambo ya kazini na hawakujifunza.

Siku ninayotaka kuisimulia nilielezwa na bibi mwenyewe, na yale ya hospitali aliyatia chumvi Mama Pacha, jirani yao. Ilianza kama siku zao zote, kwa chai.

Bibi alikuwa mezani, anatafuta kikombe kwa kupapasa. Kwa miezi mingi macho yake yalikuwa yanaziba kutoka pembeni. Hayakuuma, ndiyo maana alichelewa kuyashuku. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya kwake yalikuwa yanafungwa pazia, upande huu na upande huu, na katikati kumebaki mwanya. Kupitia mwanya huo alimwona babu uso mzima, mpaka kovu la kidevuni. Mikono yake hakuiona. Mikono ile ilizoea kusema kwa upana ili isomwe kutoka mbali, na upana ndio uliokuwa umekufa.

Hakumwambia. Alijiwekea hesabu yake kichwani: mzee aliwahi kutua sauti kwa sababu ya watoto wa dukani, akijua kwamba mikono haisomeki nayo ataitua, na akiitua, nyumba hii ina nini tena? Kwa hiyo akawa anabahatisha. Alisogeza kiti chake karibu na cha babu kidogo kidogo, akisingizia jua la dirishani. Akiona kidevu cha babu kimeinuka, alijua ameulizwa kitu, akajibu ndiyo. Ndiyo moja iliwahi kuwaletea nyumbani kuku ambaye hakuna aliyemtaka.

Asubuhi hiyo babu alisimama mlangoni akauliza kama watakwenda wote kununua misumari ya kukarabati kiti chake. Bibi alikuwa anamtazama usoni. Kidevu hakikuinuka. Akaona mzee wake amesimama tu kwenye mwanga, amenyoa vizuri, akageuka kumimina chai. Babu akarudia, mikono mipana zaidi. Bibi akatia sukari.

Haikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. Babu alikuwa ameanza kuhesabu makosa yake mwenyewe, jioni hadi jioni, akitafuta alichomkosea mke wake mpaka amtukane hivyo, macho kwa macho, nyumbani kwake. Akatoka na kubamiza mlango. Asiyesikia hajui mlango wake unasema nini. Bibi alisikia kila neno.

Mama Pacha alikuja kumchukua kwenda kliniki ya macho. Safari ile walikuwa wameipanga wawili tu, babu akiambiwa ni matembezi ya kumwona mgonjwa. Babu, japo amenuna, alimwona mgeni anakuja, na mazoea yana nguvu: akasimama nje ya dirisha akapapasa masharubu. Bibi hakuona. Mama Pacha akamkuta meno yake ya dukani bado yako kwenye glasi.

"Leo umeamua kunichekea kwa ufizi, shoga," akasema, akamsogezea glasi.

Kliniki walikaa kwenye benchi refu mpaka benchi likawazoea. Daktari alikuwa binti mpole mwenye mikono baridi. Alimwekea bibi kidevu kwenye chombo, akamwambia abonyeze kila akiona nukta ya mwanga. Bibi alingoja nukta. Alingoja sana. Akadhani chombo kina hitilafu na akasema, kwa adabu, kwamba aitwe fundi. Daktari akazima chombo, akavuta kiti akakaa mbele yake kabisa, akamweleza kwamba mshipa wa jicho umekauka, kilichopotea hakirudi, na matone atakayompa ni ya kulinda kilichobaki. Bibi akauliza yatakilinda mpaka lini. Binti akasema ungekuja mapema, mama. Akamtilia chupa ya matone mkononi.

Njiani Mama Pacha, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, aliongea kila kitu isipokuwa macho mpaka karibu na kwao. Halafu akasema:

"Mwambie mzee. Mtu na mumewe wanafichana macho?"

"Nikimwambia, ananyamaza."

"Kwani sasa hivi anaongea?"

Bibi akacheka, mpaka akalazimika kushika ukuta. Mama Pacha hakuelewa cha kuchekesha ni nini, akacheka pia ili asimwache peke yake.

Nyumbani mwanya wa bibi ulijaa kitu cha buluu. Lilikuwa shati la babu, mgongoni. Alikuwa amekigeuza kiti chake kikatazama ukuta. Katika maisha yao yote, kwa ugomvi wote wa kiwandani na wa nyumbani, hakuwahi kumpa mgongo. Bibi alisimama pale na chupa yake ya matone, akajua kwamba ameficha kitu kimoja na mzee amesoma kingine.

Akamgusa bega. Akazunguka, akapiga magoti kwa taabu mbele yake, akauchukua mkono wake wa kulia. Akauweka katikati ya macho yake mwenyewe, karibu na pua, kisha akausogeza pembeni polepole. Haukufika hata kwenye shavu. Kwa mkono wake mwingine akafanya mkasi: uzi umekatika. Akaurudisha, akauchukua wa kushoto. Mkasi tena, palepale. Akausogeza juu. Mkasi. Chini. Mkasi.

Babu aliwahi kufungua mashine nyingi na anajua kupima. Alijaribu mwenyewe, kidole kimoja, huku na huku, hadi akaupata mpaka wote wa kuona kwake: kiduara kisichozidi kisahani cha kikombe. Akafumba macho yake kidogo. Kisha akamsaidia kuinuka, akamkalisha, akakaa mbele yake, na fundi ndani yake akaanza kazi.

Kwanza alijaribu kusema kwa udogo, mikono yote miwili ameibana chini ya kidevu ienee kwenye kisahani. Lakini lugha ile haikuzaliwa kubanwa. Ikawa kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Bibi alidaka neno moja akapoteza manne. Babu akarudia, vidole vikagongana, akarudia, mpaka jasho likamtoka. Ndipo akaishusha mikono mapajani. Akafungua kinywa.

Bibi alijua anachotaka kufanya, akasogeza sikio. Masikio yake yalikuwa mazima. Kama mzee angesema kwa kinywa, na yeye akamjibu kwa mikono, wangekuwa wamepona. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo.

Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kitu kama mlango wa stoo uliokaa miaka bila kufunguliwa, kikapanda, kikavunjika katikati. Babu akajaribu tena. Bibi anasema huenda lilikuwa jina lake, lile la kuzaliwa, huenda lilikuwa swali. Alijikaza uso usionyeshe chochote. Lakini ule ulikuwa uso uliozoea kuongea bila sauti kwa maisha yake yote ya kazi, na uso kama huo haujui kuficha. Ulisema sijaelewa. Ulisema pia, kwa kupepesa tu, kwamba sauti ile imemtisha.

Babu akasoma vyote viwili. Akafunga kinywa.

Bibi akamrukia mikono, akamwambia kwa vidole vyote kumi arudie, wataizoea, watafanya kila siku kidogo. Babu alitikisa kichwa taratibu, kwa upole, kama unavyomkatalia mtoto kitu kisichopatikana dukani. Chai ya jioni wakainywa. Akamsogezea sukari. Akakiinua kiti chake, kile kisichokarabatiwa, akakipeleka kando ya cha bibi, bega kwa bega, wote wakitazama dirisha. Akamgusa bega mara mbili.

Matone yalifanya yalichoweza. Kisahani kikawa kisoda cha chupa, kisoda kikawa tundu la funguo. Kwa muda bibi aliendelea kumsemesha babu kwa mikono, akimweleza jirani kapika nini na mvua inanukia wapi. Babu alijibu kwa miguso, na miguso waliyokuwa nayo ni ile miwili tu: napita nyuma yako, nenda kapumzike. Huwezi kumsimulia mtu ndoto kwa maneno hayo. Nilimshauri bibi wabuni mingine. Walijaribu, akasema, ila kila mmoja alisahau wa kwake, wakawa wanagusana ovyo kama watu wanaotafuta mbu. Mwishowe na mikono ya bibi ikapungua kusema. Akaniambia kusema peke yako kunachosha kuliko kunyamaza.

Likizo hii nimekaa nao. Asubuhi babu anamwekea bibi kikombe mkononi na kumfunga vidole juu yake. Mchana anamtoa nje kwa kiwiko, wanaizunguka nyumba, wanarudi. Akipita nyuma ya kiti chake anamgusa mara moja ili asishtuke. Baadaye wanakaa kwenye vile viti viwili vinavyotazama dirisha, mmoja haoni kilichoko nje, mwingine hasikii. Jana nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na miguu yao, nasoma, mafua yamenibana. Nikavuta kamasi. Bibi akageuza kichwa kuelekea nilipo.

"Uliwahi kuniuliza mbona hatusemezani," akasema.

Nikashangaa kwamba anakumbuka. Nikamwambia nilikuwa mtoto, sikujua.

"Siku ile alikuwa ananiambia nikufute kamasi," akasema bibi. "Tulikuwa tunasemezana kutwa, mjukuu wangu. Ni sasa ndiyo hatusemezani."