Dorika Amkatalia Mwalimu Mughwai

Mdogo wangu Dorika anakagua programu za kisayansi kabla hazijaruhusiwa kusambazwa. Haangalii hesabu zenyewe. Anaangalia maelezo yanayoiambia kompyuta namna ya kuijenga programu: ianze na nini, ihitaji nini, itafute mafaili wapi. Anafanyia kazi hapa hapa Shelui, chumba cha nyuma, mimi nikishona chumba cha mbele na malori yakitutikisia dirisha. Wateja wangu wanadhani anaangalia tamthilia. Nimechoka kuwaeleza.

Ana kituko kimoja: kila anapokataa kazi ya mtu huanza na shikamoo. Hata Wazungu wanaomtumia programu zao wameshazoea, wanajibu marahaba na kurekebisha.

Wiki iliyopita ikamfikia programu ya kukadiria mvua kwa wakulima wa alizeti. Mwandishi wake ni Mwalimu Mughwai wa Mungaa, mstaafu, aliyemfundisha kompyuta sekondari, na aliyekuja mwenyewe kumsihi baba asimwachishe shule. Dorika akaijaribu kwenye kompyuta isiyo na kitu. Ikagoma. Maelezo yaliiagiza itafute takwimu za mvua kwenye folda iliyomo ndani ya kompyuta ya Mwalimu peke yake.

“Si umpitishie tu?” nikamwambia. “Yule ni kama baba yako.”

“Dada, kwake itafanya kazi, kwa mkulima wa kule Mkiwa itagoma. Wewe umewahi kukata shati kwa kujipima mwenyewe, ukampa mteja?”

Nimewahi, tena anajua. Nikanuna.

Akaandika: Shikamoo Mwalimu, tatizo liko mstari wa kumi na nne, naomba urekebishe. Akatuma, kisha chakula kikamshinda. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo yako, amekufuta. Niliumia kumwona vile, ingawa “nilikuambia” yangu ilikuwa tayari mdomoni.

Siku ya tatu, mchana, Mwalimu akapiga simu. Dorika akapokea.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nilikuwa natafuta kompyuta ya kuazima nijaribu mwenyewe. Kweli imegoma! Nimerekebisha. Kagua tena, na ukinionea huruma nakuja huko na fimbo.”

Dorika akacheka huku analia. Akakagua upya, mstari kwa mstari, akakuta kosa lingine mstari wa thelathini. Akanitazama. Nikamwambia aandike.

“Shikamoo Mwalimu,” akaanza.

Safari hii marahaba ilirudi kabla sijamaliza kupinda pindo la gauni.