Jaribio Lililofuta Sauti za Mama wa Mtani Wangu

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Wiki ile nilishavunja kipanya cha kompyuta kwa kukipigiza ukutani, na mlango wa chumba chetu cha kazi pale Mtanda nilishaupiga teke hadi bawaba ikang'oka. Plagini ilinishinda. Ni programu ndogo tuliyoitunga wenyewe, ya kuchomeka kwenye chombo kinachokusanya sauti na maandishi ya kamusi yetu ya Kimatumbi na kutoa programu moja ya simu. Kila kipande nikikipima peke yake, kizima. Vikiungana, vurugu tupu.

Sauti zote zilikuwa za mama wa mwenzangu wa kazi, mtani wangu toka enzi za mababu, pamoja na kikohozi chake katikati ya maneno. Sasa mama yuko mahututi kijijini Kinjumbi, mwenzangu anamuuguza, na kompyuta kaniachia mimi.

Nikaandika majaribio ya kuendesha chombo chote mwanzo hadi mwisho. Jaribio la namna hiyo huundiwa folda ya bandia, na likimaliza huifuta. Nikasema, ya bandia ya nini, na ya kweli ipo? Nikalielekeza huko. Likapita, maandishi ya kijani juu hadi chini, kisha likafagia. Sauti zote, kwisha! Nakala ya akiba tulikuwa tunaahidiana kila Ijumaa, hatukuiweka hata moja. Nilijipiga makofi mwenyewe hadi masikio yakavuma.

Kesho yake nikapigiwa simu: mama amefariki.

Kwetu mtani ana kazi yake msibani, kuwachekesha wafiwa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Nilijitupa ndani ya kaburi, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Wakanivuta miguu, nikawarushia udongo. Halafu, huku woga umenijaa, nikamwambia mwenzangu kwa sauti ileile ya utani, "Mama yako nimeshamfuta kwenye kompyuta. Hakijabaki hata kikohozi!" Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka mpaka akashika mbavu. Nikaiacha ibaki utani.

Siku ya nne alirudi Mtanda, akafungua kompyuta amsikilize mama yake. Alinyanyuka na kigoda mkononi. Pigo la kwanza lilinitoa jino. Nami, kwa hasira zangu hizi, nikamrudishia ngumi ya pua, damu ikaruka kwenye kioo.

"Nilikwambia kaburini!" nikapiga kelele. "Nilikwambia, mtani!"

Akakishusha kigoda, anahema. "Kufuta ni bahati mbaya," akasema. "Lakini ulinichekesha mama yangu bado yumo kwenye jeneza, na wewe unajua ni kweli."

Akakinyanyua tena kigoda. Safari hii sikukinga uso.