Pumua Kwanza, Ndipo Umpe Titi

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mwaka 1991, wanawake wa mtaa wetu wa Gatsata walinisifu kwa jambo moja: sikupiga kelele. Kwetu mzazi anayelia anaaibisha ukoo mzima. Niliuma kanga, nikabana pumzi, nikasukuma. Mama mkwe alizunguka mtaa akitangaza kwamba mkwe wake ni chuma.

Upuuzi. Uchuma huo nusura umnyime mwanangu maziwa.

Siku ya tano titi la kushoto lilivimba, likawa gumu, linawaka moto, na chuchu imepasuka. Kila mara mtoto alipolishika nilifanya kama nilivyosifiwa: meno nimeyakaza, mabega yamefika masikioni, pumzi iko ndani. Maziwa hayatoki, na ya titi la kulia pekee hayamtoshi. Mtoto anavuta, anaachia, analia.

Mama mkwe akakata shauri. "Siku ya nane, akishapewa jina, nitampa maziwa ya ng'ombe. Hilo titi tuliache likauke."

Nilikuwa nimesoma sekondari. Nilijua maziwa ya ng'ombe yanavyoweza kuliumiza tumbo la mtoto wa wiki moja. Nani aliniuliza?

Siku ya saba alikuja jirani yetu, Mkongomani aliyewapikia mafundi wa magari. Alinitazama nikinyonyesha, mara moja tu.

"Mama, wewe iko nabana pumzi! Mtoto atakunywa namna gani?"

"Inauma!"

"Iume, lakini pumua. Vuta kwa pua mpaka tumbo ijae. Toa kwa mdomo, pole pole, kama unapooza uji. Shusha mabega. Pumzi tano, ndiyo umpe titi."

Nilitaka kumfukuza. Titi linawaka, yeye ananifundisha kupumua! Lakini hasira haikuwa na pa kwenda, basi nikaipeleka kwenye pumzi. Kutwa nzima nilikanda kwa kitambaa cha moto na kupumua.

Siku ya nane watoto wa majirani walikuja, kama desturi ya kumpa mtoto jina, kulima uani kwa vijiti. Tukawanyunyizia maji, ndiyo mvua yao, wakakimbilia mkekani kula maharage na kumpa mtoto majina. Mama mkwe alikaa kando yangu, chupa ya maziwa mkononi. Mtoto akaanza kulia.

Nikavuta pumzi. Nikaitoa, kwa sauti, mbele ya wote.

"Unahema kama ng'ombe anayezaa," mama mkwe alininong'oneza. "Wageni wanakuona!"

"Waone."

Pumzi ya tano ilipotoka, nikampa titi la kushoto. Uchungu ulikuja uleule. Sikuubana, niliupuliza nje, tena na tena, mpaka mabega yakalegea yenyewe. Halafu nikahisi michomo midogo ndani ya titi, na mtoto akaanza kumeza. Nilimsikia: glu, glu. Titi la kulia likalowesha kanga yangu.

Mama mkwe bado alikuwa ameishika chupa.

"Mama, maziwa hayo wape waliolima," nilimwambia.

Alinuna mpaka jioni. Mimi nilimgeuza mtoto upande wa pili, nikavuta pumzi.